Ribosomu Si Kiwanda

Kila nisomapo maelezo ya Kiswahili kuhusu seli, nakutana na usemi uleule: ribosomu ni kiwanda cha protini. Naupinga. Kiwanda kina jengo na kina wafanyakazi, na msomaji akishalipokea neno hilo hudhani kuwa protini za ribosomu ndizo zichapazo kazi, ilhali RNA yake ni ukuta na paa tu. Mambo ni kinyume. Hata kuziunganisha asidi amino kuwa protini ni kazi ya RNA hiyo.

Tuitazame ribosomu ya bakteria. Ina vipande viwili, kidogo na kikubwa. Kwa kawaida kidogo hutangulia kuishika RNA mjumbe, ndipo kikubwa kikaja kufungamana nacho. Kinachovifunganisha ni nini? Zaidi ni RNA kwa RNA. Ndani ya kipande kikubwa mna uzi wa RNA wenye nukleotidi zipatazo 2,900, uliojikunja na kujisokota mara nyingi. Msokoto mmoja, uliopewa namba 69, huchomoza na kuugusa msokoto wa 44 wa kipande kidogo. Hilo ni moja tu kati ya madaraja kadhaa. Ioni za magnesiamu huyaimarisha. Zikipungua mno, vipande huachana. Protini nazo zimo katika baadhi ya madaraja, sikatai, lakini ya katikati ni ya RNA.

Wala huu si ubishi wa maneno matupu. Viomisini na kapreomisini, dawa zilizowahi kutumika dhidi ya kifua kikuu, hujibanza papo hapo, baina ya misokoto hiyo miwili. Mwanafunzi aliyeambiwa kuwa RNA ni ukuta ataelewaje kwa nini dawa ikishika ukuta kazi yote husimama?

Nitajibiwa kuwa Kiswahili hakina maneno. Hakina? Lugha iliyokwisha kuugawa mshororo kuwa ukwapi na utao? Lugha ya waliounda mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi pasi na msumari? Mimi nasema *mshono*. Najua una kasoro: katika mtepe kamba ni kamba na ubao ni ubao, bali hapa uzi wenyewe umejikunja ukawa ubao, kisha ukashona. Atakayeleta neno bora nitalipokea, ila lisiwe la matofali.