MWALIMU AKIITWA KUJIFUNZA, ALIPWE



Wako watu wasemao ya kuwa mwalimu akishapata cheti chake amemaliza kujifunza. Katika somo la fizikia maneno haya ni upuuzi. Mwalimu aliyetoka chuoni mwaka 2005 aliisikia chembe ya Higgs kama jambo la kukisiwa tu. Tarehe 4 Julai 2012 mabingwa wa CERN, karibu na Geneva, walitangaza ya kuwa wameiona. Ni nani atakayempasha habari mwalimu huyo?

Huko Marekani ulianzishwa mwaka 1999 mpango uitwao QuarkNet. Walimu wa sekondari huitwa chuo kikuu wakati wa likizo ndefu, wakafanya kazi pamoja na wataalamu wanaochunguza chembe zilizo ndogo kuliko atomu. Fedha zake zimetoka kwa Serikali. Na jambo tunalotaka mlitie maanani ni hili: mwalimu hupewa posho kwa siku zake. Haambiwi ashukuru kwa kuitwa. Ametoa likizo yake, basi analipwa.

Kazi yenyewe ni ya mikono. Kuna mabamba ya plastiki ya namna maalum ambayo yakipitwa na chembe hutoa mwanga mdogo mno, na chombo cha umeme huuona mwanga ule na kuuhesabu. Chembe zinazohesabiwa huitwa muoni. Huzaliwa juu sana, kama kilomita 15 hivi, mionzi itokayo mbali angani inapogonga hewa. Katika usawa wa bahari, mahali penye ukubwa wa ukucha hupitwa na muoni kama moja kila dakika. Zinakupita hata sasa, ndugu msomaji, wala huna habari. Maisha ya muoni ni kama sehemu 2.2 za milioni ya sekunde. Kwa muda huo, hata ikienda kwa mwendo wa mwanga, haipiti mita 660. Mbona basi hufika ardhini? Ni kwa sababu aliyoieleza Einstein mwaka 1905: kitu kiendacho mbio kupita kiasi, saa yake huenda polepole. Mwalimu aliyezihesabu muoni mwenyewe hana haja ya kuwaambia watoto waamini kitabu. Chombo huweza kupelekwa shuleni, nao wakahesabu.

Sasa tutazame kwetu. Mwaka 2021 TSC ilipotangaza mafunzo ya walimu walio kazini, kila mwalimu alitakiwa alipe Shs. 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Walimu wengi walipiga kelele, na sisi twasema walikuwa na haki. Hatupingi mafunzo hata kidogo. Lakini dereva akifundishwa kuendesha gari jipya la kampuni, ni kampuni inayolipa, wala hakuna anayeona ajabu. Kwa nini mwalimu awe mbali?

Atatokea mtu wa kusema Marekani ni nchi tajiri. Sawa. Lakini nauli ya basi na chakula cha siku tano si mambo ya matajiri.

Basi chuo kikuu cho chote cha Kenya kitakachotaka kuwaita walimu wa fizikia, na twakiomba kiwaite upesi, kiandike katika barua ile ile ya mwaliko: nauli ni kiasi gani, posho ya siku ni kiasi gani, na mwalimu atarudi shuleni na chombo gani mkononi.

MHARIRI