Tukihakiki Chuo Kabla ya Kulipa Ada

Kila matokeo ya kidato cha nne yatokapo, wazazi wengi huuza mazao, ng'ombe au hata kiwanja ili mtoto aende chuo. La kuhuzunisha ni kwamba wapo wanaozitoa fedha hizo kwa kutegemea tangazo la ukutani tu, na baada ya miaka miwili kijana hurejea na cheti kisichotambuliwa.

Ndugu wasomaji, orodha ya vyuo ipo. Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET) huiweka katika tovuti yake, ikionesha jina la chuo, mkoa kilipo na namba ya usajili. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Hata hivyo, jina kuwemo orodhani halitoshi. Tuitazame na kozi yenyewe, kwani chuo chaweza kusajiliwa na kozi yake moja isiwe na kibali.

Asiyejua kutumia intaneti amwombe kijana wa jirani. Mali ni amana, na umri wa mtoto ni amana kubwa zaidi. Tumeamrishwa kuzihakiki habari kabla ya kuzifuata. Tangazo la chuo nalo ni habari.

Wabillahi tawfiq.