Kuku wamepona kideri, sasa banda limejaa

Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo huko Bariadi, mkoani Simiyu. Katika kampeni hiyo ya miaka mitano, wenye ng'ombe, mbuzi na kondoo wanachangia sehemu ya gharama, lakini kuku wa asili wanachanjwa bure. Kwa kaya nyingi za Makambako na vijiji vya jirani, ambako kuku ndio daftari la mtoto, ndio sabuni na ndio nauli ya hospitali, hii ni habari kubwa.

Lakini ina upande wa pili ambao hauzungumzwi sana. Vifaranga wasipokufa, watalala wapi?

Hesabu imebadilika

Kwa miaka mingi ukubwa wa kundi la kuku nyumbani ulipangwa na kideri, ugonjwa ambao wengine wanauita mdondo. Ukiingia kwenye kundi lisilochanjwa, unaweza kumaliza karibu kuku wote kwa siku chache. Mfugaji anabaki na wawili watatu, anaanza upya. Banda dogo lilitosha kwa sababu kila baada ya muda kifo kilikuwa kinapunguza idadi.

Tuchukue kaya ya mfano, iwe Lyamkena au Kitandililo, yenye mitetea 6 na jogoo 1. Banda ni mita 2 kwa mita 2, yaani mita 4 za mraba. Kipimo cha kawaida kwa kuku wakubwa wanaoshinda ndani ni kuku 4 hadi 5 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo banda hilo linabeba kuku 16, wakizidi sana 20.

Sasa kuku wamechanjwa. Kila mtetea ameangua vifaranga 8 na wote wamepona. Hao ni 48, jumlisha wakubwa 7, unapata 55. Wakikua watahitaji mita 11 za mraba, karibu mara tatu ya banda lililopo. Na mtetea wa asili anaweza kuatamia mara 3 kwa mwaka.

Utasema kuku wangu wanashinda nje, wanaingia kulala tu. Ni kweli, hao wanaweza kubanana kidogo, mradi kila mmoja apate kama sentimita 20 za fito ya kulalia. Lakini msimu wa kupanda mahindi ukifika, majirani hawataki kuku wafukue mbegu. Kuku wote wanafungiwa kutwa nzima, tena wakati wa mvua. Hapo ndipo banda linapojulikana kama linatosha au halitoshi.

Banda lililojaa linaua vipi?

Kinyesi kinazidi, matandiko yanalowa, hewa inakuwa kali. Kwenye unyevu huo kuhara damu kunashamiri, na vifaranga ndio wanaoumia zaidi. Mafua yanapita haraka kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Kuku wanaanza kudonoana, na wadogo wanakosa chakula kwa sababu wakubwa wamezuia vyombo.

Chanjo ya kideri haizuii mambo hayo. Mfugaji aliyechanja kuku wake mwezi wa tatu, akaona wanakufa mwezi wa tano, ni rahisi aseme chanjo ni mbovu na safari ijayo awafiche. Akifanya hivyo, kideri kitarudi, na si kwake peke yake bali mtaa mzima. Ndiyo maana suala la banda si la mtu mmoja tu.

Kosa la baridi

Makambako ni mji wa upepo, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi yake inajulikana. Wengi wanafunga banda kila upande kwa nailoni, na wengine wanaingiza jiko la mkaa kwa ajili ya vifaranga. Banda linapata joto kweli, lakini hewa haitoki. Moshi wa mkaa unaweza kuua vifaranga wote usiku mmoja, achilia mbali hatari ya moto.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Asubuhi, kabla ya kufungua mlango wote, chuchumaa hadi kimo cha kuku na uvute pumzi. Macho yakiwasha, kuku wamelala usiku mzima katika hewa hiyo.

Dawa ni kujua upande wa kufunga na upande wa kufungua. Wakati wa kipupwe upepo wetu unatoka zaidi kusini mashariki, na jua la Juni na Julai linaelemea kaskazini. Kwa hiyo ukuta wa kusini uzibe vizuri. Upande wa kaskazini, ziba chini hadi kimo cha goti, juu weka wavu. Kuku watapata jua na hewa bila kupigwa na upepo. Paa lizidi ukuta kwa zaidi ya nusu mita ili mvua isiingie, na uwe na turubai la kushusha usiku.

Ongeza chumba, usiongeze msongamano

Ukilijenga hivyo, banda linarefuka kwenda mashariki au magharibi, na kila chumba kipya kinapata jua lilelile. Acha nafasi upande mmoja tangu mwanzo.

Kinachotakiwa hasa ni chumba cha pili chenye mlango wake. Vifaranga na mama zao wakae kwao, wakubwa kwao. Hudumia vifaranga kwanza, wakubwa baadaye. Kuku mpya kutoka sokoni akae mbali na wenzake kwa siku 14 kabla ya kuchanganywa.

Kwa vifaa, ukanda wetu una bahati ya viwanda vya mbao. Mabanzi yanafaa kwa kuta, ila ondoa magamba kwanza, kwani viroboto na utitiri hujificha humo. Maranda makavu ni matandiko mazuri, mradi yasitoke kwenye mbao zilizowekwa dawa. Fedha kidogo uliyonayo iwekeze kwenye bati lisilovuja na mlango unaofungika, maana vicheche na wezi wote wanapenda banda bovu.

Kupanua au kuuza?

Si kila mtu anapaswa kupanua. Kuku 55 wanataka pumba, mashudu na maji kila siku. Kama chakula hakitoshi, banda kubwa ni kuhamisha tatizo. Sisi tuko njia panda, barabara ya Tanzania na Zambia na ile ya Songea, na wanunuzi wa kuku hawako mbali. Kuuza majogoo yaliyozidi kabla ya msimu wa kupanda, ukabaki na idadi inayolingana na banda, ni uamuzi wa kiuchumi kama ulivyo uamuzi wa kujenga.

Kwa anayetaka kupanua, ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024. Kikundi kinachoomba mkopo wa kuku kianze na gharama za banda, halafu vifaranga. Kinyume chake ni kununua vifaranga wasio na pa kulala.

Mwisho, chanjo ya kideri hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mchanjaji wa kampeni akipita mara moja, usikae ukamsubiri hadi mwaka mwingine. Muulize afisa mifugo wa kata yako lini ni zamu inayofuata.

Leo jioni pima banda lako: urefu mara upana, kwa mita, halafu zidisha kwa 4. Kuku wakishaingia wote, wahesabu. Kama idadi yao imezidi jibu lako, amua kabla mvua hazijaanza.