Upinde Usiovutwa ni Kijiti Tu

Taifa laweza kupoteza urithi wake kwa njia mbili: kwa kuuonea haya, na kwa kuusifu pasipo kuutumia. Upinde wa wazee wetu umepatwa na misiba yote miwili. Wako wasomi ambao wakiuona husema ni alama ya ushenzi. Na wako wengine ambao huununua kwa fedha nyingi, wakaupaka vanishi, wakautundika ukutani sebuleni, wakadhani wamekwisha kuutumikia utamaduni. Sisi twasema hao wote ni ndugu wa baba mmoja. Upinde ni chombo cha elimu, na elimu yake haijulikani mpaka uvutwe.

Tuanze na lugha, kwani ndiyo mali ya kila mwalimu. Kamba ya upinde ina jina lake: upote. Mfuko wa mishale ni podo. Mti wa mshale ni wano. Ncha yake ni chembe. Maneno haya yamo katika kamusi zetu, lakini ni wanafunzi wangapi wayajuao? Neno hufa pale kitu chake kinapoondoka mikononi mwa watu. Twawafundisha vijana habari za Fumo Liyongo, shujaa na mshairi, ambaye utendi wake wasimulia kwamba baada ya kuchomwa kitovuni alikwenda akapiga goti karibu na kisima, akautia mshale katika upinde, akafa katika hali hiyo. Na watu wa mji wakakaa na kiu kwa kuiogopa maiti. Kijana ambaye hajapata kuvuta upinde hata mara moja ataielewaje hofu ile? Ataidhani ni ngano ya kuwalaza watoto.

Wala ujuzi huu si wa ngano tu. Kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe hata leo hutengeneza pinde zao. Mti huchongwa, hupashwa moto na kupindwa polepole. Upote husokotwa kwa kano za mnyama. Wano hunyooshwa kwa meno. Mishale nayo ni ya namna mbalimbali: ya ncha ya mti kwa ndege na wanyama wadogo, ya chuma kisicho na sumu, na ya chuma chenye sumu ya mimea. Chuma chenyewe mara nyingi ni msumari uliofuliwa ukiwa baridi. Hapa pana fizikia, pana kemia, pana elimu ya mimea. Mwaka 1970 mtaalamu mmoja wa Uingereza, James Woodburn, alitoa kitabu juu ya vyombo vya Wahadzabe, kikachapishwa na jumba la makumbusho la London. Mgeni aliona pana jambo la kuandikwa. Mbona sisi wenyewe twapita tukitazama pembeni?

Tutazame na kwa jirani zetu wa Kenya. Wata wa nchi ya Tsavo, ambao vitabu vingine huwaita Waliangulu, waliwinda ndovu kwa pinde ambazo kuzivuta kulihitaji nguvu ipitayo ratili 100, yaani kama kilo 45. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na katika kampeni ya miaka ya 1956 na 1957 watawala wa kikoloni waliwasaka wawindaji hao na kuwatia wengi gerezani. Hatutetei kuuawa kwa ndovu hata mmoja. Lakini pamoja na ujangili, ufundi nao ulihukumiwa. Kisha mwaka 1982 Waingereza waliiopoa kutoka baharini merikebu yao ya vita, Mary Rose, iliyozama mwaka 1545, na ndani yake zilipatikana pinde nzima zaidi ya 130. Hawakuzicheka. Walizihifadhi, wakachonga nakala zake, wakazivuta ili wajue nguvu ya mababu zao, nayo ikaonekana kupita ratili 100. Je, kwa nini upinde wa babu yao uwe historia, na upinde wa babu yetu uwe kielelezo cha mahakamani?

Wako watakaotujibu kwamba tunawafundisha vijana ujangili. La hasha! Sheria ya wanyamapori na ibaki mahali pake. Shabaha yetu ni gunia lililojazwa majani makavu. Wengine watasema upinde wa kale ukivutwa utavunjika. Hao wana haki yao, na twawapa. Mti uliokauka miaka 50 ukivutwa ghafla hupasuka. Basi ule wa kale upumzike, lakini fundi achonge pacha wake, kwa mti ule ule na kwa njia ile ile, na huyo pacha ndiye apigwe.

Twadai mambo matatu. Kwanza, kukusanya kwa adabu: upinde usichukuliwe bila kuandika jina la fundi, jina la mti katika lugha ya mahali, na namna ulivyotengenezwa. Upinde usio na habari zake ni yatima. Pili, kutengeneza kwa mkono wa ajuaye: mti ukaguliwe nyufa na tundu za dumuzi, upakwe mafuta badala ya vanishi, na upote ufunguliwe baada ya kazi, kwani upinde uachwao umetegwa siku zote huzoea kupinda na kupoteza nguvu. Tatu, kupiga shabaha shuleni, mwalimu akisimamia. Upote usiachiwe kamwe pasipo mshale, maana nguvu yote huurudia mti na kuuvunja. Na mishale ya kale isiguswe ovyo, kwa kuwa sumu yake yaweza kudumu miaka mingi.

Tarehe 10 Desemba 1962 Rais Nyerere alilitangazia Bunge kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Utamaduni na vijana viliwekwa chini ya paa moja, wala haikuwa kwa bahati. Enyi walimu, mafundi wangali hai, nao ni wazee. Wapelekeni wanafunzi kwao wakiwa na daftari, wajifunze kuchonga, kusokota na kuvuta, kabla mikono ile haijalala.