Mbwa wa Kazi Asitupwe Uzeeni

Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke. Kwa mbwa wa kazi, lawama hiyo inamgeukia binadamu. Mbwa huchukuliwa angali mtoto, akafungwa mnyororo, akalinda duka au ghala usiku kucha kwa miaka. Siku meno yanapong'oka na macho kuingia ukungu, hufunguliwa lango akafukuzwa. Katika mitaa ya Bunia, kuanzia Mudzipela hadi Nyakasanza, jambo hilo halimshangazi mtu. Lingefaa kushangaza, tena kuaibisha.

Jimbo la Ituri, ulimo mji huo wa Bunia, lina sababu ya pekee ya kulitafakari. Katika msitu wake, upande wa Mambasa, Wambuti na Waefe wamewinda na mbwa kwa vizazi vingi. Mbwa wa msituni ni mdogo, masikio wima, mkia umejikunja juu ya mgongo, na habweki kama mbwa wengine. Ndiyo maana wawindaji humvika kengele ya mti shingoni, wapate kujua alipo anapomfukuza mnyama. Wazungu walimpenda, wakamwita basenji. Mwaka 1937 mbwa hao kutoka Kongo walionyeshwa London, kwenye maonyesho makubwa ya Crufts, wakawa gumzo. Nusu karne baadaye, mwaka 1987 na 1988, wafugaji wa Marekani walifunga safari hadi kaskazini-mashariki mwa nchi, wakati huo ikiitwa Zaire, kutafuta damu mpya ya mbwa wao. Mnyama anayefuatwa kutoka ng'ambo hawezi kuwa takataka kwao alikozaliwa.

Hata huko ng'ambo wema haukuja wenyewe. Greyhaundi, mbwa mrefu mwembamba anayekaribia kilomita 70 kwa saa, aliwatajirisha wenye viwanja vya mbio na kamari kwa miongo mingi. Kazi yake huisha mapema: akifika miaka minne au mitano mara nyingi amekwisha mbioni, ilhali anaweza kuishi miaka 12. Wengi waliuawa mara tu walipoacha kuleta faida, mpaka watu wakapaza sauti. Uwanja wa Canidrome wa Macau ulipofungwa Julai 2018, zaidi ya mbwa 500 walikuwa bado ndani. Chama cha Anima kiliwapigania na kuwatafutia nyumba, wengi wao katika nchi za mbali. Novemba mwaka huohuo wapigakura wa Florida, Marekani, waliamua mbio hizo zikome kufikia mwisho wa 2020, na familia zikajitokeza kuwachukua mbwa waliostaafu. Waliowachukua waligundua kwamba mnyama aliyedhaniwa hajui ila kukimbia hupenda kulala mchana kutwa.

Wala kumtunza mnyama aliyestaafu si mtindo wa ng'ambo peke yake. Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, akafichua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza. Juni 2021 alistaafishwa kwa uzee. Hakutupwa. Alilishwa na kutunzwa hadi alipokufa Januari 2022, akiwa na umri wa miaka minane. Ikiwa panya alipewa kiinua mgongo chake, mbwa aliyelinda nyumba miaka kumi hastahili kunyimwa bakuli la chakula.

Kuna atakayeuliza, na ana haki ya kuuliza: Ituri ina watu wengi waliokimbia vita, wanaolala kambini pembezoni mwa Bunia huku watoto wao wakishinda njaa. Je, huu ni wakati wa kuhurumia mbwa? Swali hilo lingekuwa na nguvu kama wito huu ungewaelekea wakimbizi. Unawaelekea wenye maduka, maghala, nyumba za kuta ndefu, na mashirika, ambao walimleta mbwa kwa hiari yao ili alinde mali yao. Aliyekuwa na chakula cha mbwa kijana hakosi cha mbwa mzee.

Tena anayelipa gharama ya mbwa aliyetupwa mara nyingi ni mtoto wa mtu mwingine. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi mno wakiwa wa Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo ikiwafikia mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kisiwani Pemba kampeni za chanjo ziliukomesha mwaka 2018. Mbwa mwenye bwana hushikwa akachanjwa. Aliyetupwa hana wa kumshika.

Wahubiri wana neno la kusema hapa. Kitabu cha Mithali humtambua mwenye haki kwa jinsi anavyomjali mnyama wake, na Waislamu wanaikumbuka habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akamchotea mbwa maji kwa kiatu chake, Mungu akamsamehe. Habari hizo na zisomwe Bunia, kanisani na msikitini.

Kisha yafuate matendo. Anayemchukua mbwa aupangie na uzee wake siku hiyohiyo. Anayehama mji au kufunga ofisi amtafutie bwana mpya mapema, amkabidhi pamoja na cheti cha chanjo. Waganga wa mifugo waweke daftari la mbwa wanaotafuta makao na la watu walio tayari kuwapokea, na redio za mji zilitangaze. Mbwa aliyezidiwa na maradhi amalizwe kwa sindano ya mganga, asiachiwe mawe ya barabarani. Ofisi ya mifugo ya jimbo iitumie tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kuchanja mtaa kwa mtaa. Na wenye maduka wa katikati ya mji, ambao ndio hasa wanaofaidi lindo la mbwa, waanze kuchangia gharama ya chanjo hiyo mwaka huu.