Kupanga Kazi ya Mteja: Uliza Kwanza



Siku hizi wenzetu kadhaa wanaomba kazi katika makampuni ya washauri, yaani yale yanayolipwa na serikali, mabenki na wafanya biashara ili yawapangie miradi yao. Jambo hili ni jema, nami nawatakia heri. Walakini naona kwamba katika kujitayarisha kwa usaili tumeshika njia isiyofika mbali, na napenda nilieleze neno hili waziwazi, ili atakayenipinga apate la kupinga.

Aliyezoea usaili wa kazi za serikali hudhani ataulizwa habari za vyeti vyake na miaka aliyotumika. Kwa washauri huwa zaidi ya hayo. Msaili humweleza mwombaji habari za mteja mmoja, za kweli au za kubuni: labda hospitali yataka kuongeza wadi, ama kiwanda chataka kuhamia mji mwingine. Kisha humwambia, "Tupangie kazi hii," akampa karatasi na muda mfupi. Hapo wenzetu wengi huanza papo hapo kuandika tarehe. Wamekariri vielelezo vya mistari alivyovieneza Henry Gantt, Mmarekani, katika miaka ya 1910, ambavyo huonyesha kila kazi tangu siku ya kuanza hata siku ya kwisha. Vielelezo hivyo vyafaa sana. Lakini mtu aweza kuvichora kwa rula na wino, vikapendeza macho, na kazi yenyewe ikawa haifai kufanywa.

Mfano wa jambo hili tunao katika nchi yetu. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield, ulizunguka Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kwa muda wa wiki tisa. Ukashauri zilimwe ekari 3,210,000 za karanga, kwa gharama ya paundi milioni 24. Mwaka 1947 kazi ilianza Kongwa. Iliazimiwa kulima ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500 tu. Mwanzoni mwa 1951 mpango uliachwa, na hasara ilikuwa karibu paundi milioni 36.

Je, walikosa tarehe na hesabu? La, karatasi zao zilijaa tarehe na hesabu. Walichokosa ni majibu ya maswali machache. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama tofali, na karanga haziwezi kung'olewa. Mvua ya huko haitegemeki, na Wagogo wenyeji wa nchi ile walilijua hilo tangu zamani. Shamba dogo la majaribio la misimu michache lingeonyesha yote mawili kwa fedha kidogo, lakini halikulimwa kwanza. Tena matrekta yaliletwa kabla ya njia ya kuyapitisha kuwa tayari, yakasongamana katika bandari ya Dar es Salaam na juu ya reli moja. Na gati la Mtwara, lililokusudiwa kwa karanga za kusini, lilikamilika baada ya mpango kuachwa.

Kwa hiyo nasema kwamba mwombaji apewapo habari za mteja, aweke kalamu chini kwanza aulize. Maswali yenyewe si mengi. Mteja ataka nini hasa, na kwa dalili gani atajua kwamba amekipata? Ni kazi ipi iliyomo katika mapatano yetu, na ipi isiyokuwamo? Nani atakayeifanya, na kwa makadirio gani ya fedha? Na la mwisho, ambalo ndilo kubwa: ni jambo gani tusilolijua ambalo likiwa kinyume litaharibu yote, na tutalijuaje mapema kwa gharama ndogo? Kuuliza si ujinga. Msaili husikiliza maswali ya mwombaji kwa makini kama asikilizavyo majibu yake.

Baada ya hayo ndipo zije tarehe, na hapa pia yafaa kufikiri kuliko kukariri. Tuseme mteja ni ofisi itakayo kuhamisha majalada yake yaingie katika kompyuta. Kuyapanga majalada ni wiki 3. Kuagiza mashine hata zifike ni wiki 6. Kuwafundisha makarani juu ya mashine hizo ni wiki 2. Kuhamisha yenyewe ni wiki 4. Mwenye haraka hujumlisha akasema wiki 15. Lakini kupanga majalada na kuagiza mashine kwaweza kwenda pamoja. Mashine, mafunzo na kuhamisha ndivyo vinavyofuatana, navyo ni wiki 12. Basi kazi yote ni wiki 12, na majalada yakichelewa hata wiki 5 hapana dhara, bali mashine zikichelewa wiki moja kazi yote imechelewa wiki moja. Njia hii ya kutafuta mfululizo ulio mrefu kupita yote ilitungwa Marekani mwaka 1957, DuPont wakiwa miongoni mwa walioitunga. Mwombaji aseme hesabu yake kwa sauti, hatua kwa hatua, ili msaili aone alivyofikiri, hata kama jumla imempotea.

Wako watakaosema kwamba haya ni ya wasomi wa vyuo vikuu, wala si ya makarani. Mimi sikubali. Ni nani ajuaye kuliko karani kwamba hati ya malipo hukaa mezani wiki mbili ikingoja sahihi moja? Ni nani aliyeona mradi ukisimama kwa sababu mabati yalifika kabla ya mbao, au fundi kabla ya vyote? Elimu hiyo tunayo, ila hatukuzoea kuiita elimu.

Lakini tuna upungufu mmoja, na haifai kuuficha. Tumefundishwa kuitika. Mkubwa akisema kazi iishe mwisho wa mwezi, twajibu "Ndiyo, Bwana," hata kama twajua haiwezekani. Kwa mshauri tabia hiyo ni sumu. Pengine msaili hutaja kwa makusudi tarehe isiyowezekana, apate kuona kama mwombaji atainamisha kichwa. Jibu la heshima ni kama hili: "Kwa watu hawa na fedha hizi, kazi itakwisha katika wiki 12. Mkitaka wiki 9, hapana budi mashine zipatikane katika wiki 3, au sehemu ya majalada ingoje baadaye. Chagueni." Hapo hukumkataza mteja neno lake, wala hukumdanganya. Mteja hulipa ili aambiwe kweli kabla fedha haijatoka.

Basi nashauri wanaokusudia kwenda usailini wakutane wawili wawili baada ya saa za kazi. Mmoja awe msaili, mwingine msailiwa, kisha wabadilishane. Wachukue kazi wanayoijua katika wilaya yao, kisima, daraja au darasa la shule, nao waipange upya tangu mwanzo. Na yule aliye msaili asimruhusu mwenziwe kuandika tarehe hata moja mpaka amekwisha kuuliza mteja ataka nini.

Ni mimi mwenzenu katika kazi,
KARANI