Ndege Nyepesi Haipendi Adhuhuri

Zipo ndege za kiti kimoja zenye uzito wa kilo 115 hivi bila rubani, sawa na bodaboda. Kijana anayetamani kuirusha moja Bonde la Ufa na aamke alfajiri. Kufikia saa tano ardhi imechemka, na hewa moto inapanda kwa nguvu. Tai wanaozunguka bila kupiga mabawa wanastarehe. Wewe utarushwarushwa kama abiria wa matatu kwenye barabara ya mashimo. Vaa koti na glavu hata jua likiwaka, kwani kila upandapo mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi. Mvua nayo hutanguliwa na upepo mkali, pengine kilomita 20 mbele. Wingu jeusi likijikusanya, usipae. Jamaa waliokuja na kamera wakinung'unika, waache wanung'unike.